Siku Moyo wa Optatus Ulipopimwa

Inspekta Getrude Chilumba aliingia bila kupiga hodi, na kwa watu wa Newala hilo ni kosa hata kama wewe ni polisi. Flora alikuwa anapanga viti vya plastiki kwa ajili ya darasa la saa nne. Alipomwona mgeni wake, kiti alichokishika kilimtoka mkononi.

"Shikamoo, dada Getrude."

"Marahaba. Acha viti. Nifungulie kile kishikwambi, nataka kuona ya Jumatano."

"Ya Kitangari?"

"Kwani Jumatano tulikuwa wapi kwingine?"

Flora alikwenda kabatini, akatoa kishikwambi na kile kikopo chenye klipu za kidoleni, akaviweka mezani taratibu kama mtu anayepakua chakula cha wagonjwa.

Huyu Flora alikuwa mkufunzi wa mradi uitwao Tulia, uliopanga chumba kimoja mjini Newala na kingine Masasi. Kazi yake ilikuwa kufundisha watu kuutawala moyo. Unakaa kitini, unabanwa klipu kidoleni, na klipu inapeleka mapigo ya moyo wako kwenye kishikwambi. Humo mna puto. Ukipumua ovyo, puto linashuka na taa ya klipu inawaka nyekundu. Ukivuta pumzi kwa kuhesabu nne na kuitoa kwa kuhesabu sita, moyo unatulia, puto linapanda na taa inageuka kijani. Wiki chache tu, mtu mwenye hasira za kurusha sahani anajikuta anaweza kukaa na mkwe wake chumba kimoja. Hata Getrude alipita hapo. Miaka miwili nyuma alimzaba mtuhumiwa kibao cha uso, mkubwa wake akamwambia achague, barua ya onyo au darasa. Akachagua darasa, na likamfaa kwelikweli. Tangu hapo alikiamini kile kifaa kuliko alivyoamini macho yake, na hilo ndilo lililomponza.

Mkasa wenyewe ulikuwa hivi. Siku kumi nyuma, siku ya Ijumaa, Bi Rahima wa kitongoji kimoja nje kidogo ya Kitangari alirudi nyumbani jioni, akanywa maji ya mtungini, na kabla jua halijachomoza Jumamosi akawa maiti. Mumewe, Mzee Sharifu, alikunywa kidogo tu, akaponea hospitali. Mtungi ukapelekwa maabara, na jibu likaja kwamba ndani mlikuwa na dawa ya wadudu, ileile ya maji inayopulizwa kwenye mikorosho. Mwezi ni Agosti, nani hana dawa hiyo? Lakini watu wakakumbuka kwamba asubuhi ya Ijumaa, kibarua mmoja aitwaye Optatus, mpuliziaji kutoka Chiungutwa aliyekuwa akipulizia shamba lao, aliomba maji ya kunywa kwa Bi Rahima akanyimwa. Akafoka mbele za watu, "Kaa na maji yako, uyanywe mwenyewe!"

Basi. Neno hilo likamfuata mpaka Chiungutwa. Getrude ndiye aliyemfuata Jumanne akamkuta anakula na wanawe, ndiye aliyempandisha Kitangari Jumatano ili aonyeshe alipofanyia kazi. Na pale uwanjani kwenye ofisi ya kijiji, mbele ya watu kama themanini, mwenyekiti Mzee Hamudi akatoa wazo. Wapimwe wote wanne walioshika dawa siku ile.

"Babu zetu walikuwa na mwavi," Mzee Hamudi alisema. "Unakunywa, ukitapika huna kosa, ukifa ndiwe mwenye kosa. Huu wa Flora ni mwavi wa kisasa, tena haumuui mtu."

Watu wakacheka. Getrude naye akacheka, Mungu amsamehe. Flora alimvuta pembeni akamwambia kifaa hakikutengenezwa kwa kazi hiyo. Getrude akamjibu, "Dakika tano tu, mdogo wangu." Wakapimwa. Watatu wakatoka kijani. Optatus akawaka nyekundu tangu kidole kilipoingia hadi kilipotoka.

Mawe yalianza kuruka kabla hajainuka kitini. Sasa Optatus alikuwa amelazwa hospitali, mkono umevunjika na mbavu tatu, mguu umefungwa kwa pingu kwenye chuma cha kitanda. Kesho asubuhi faili lake lilikuwa liende kwa mwendesha mashtaka, kosa la mauaji, na mauaji hayana dhamana. Angeoza mahabusu miaka hata kama mwisho wake angeshinda kesi. Getrude alikuwa hajalala vizuri tangu Jumatano, na jana yake kanisani alishindwa kupokea komunyo.

"Huu hapa mstari wa Optatus," Flora alisema, akigeuza kioo.

Getrude akainama. Mstari ulikuwa juu, umechachamaa, kutoka upande huu hadi ule.

"Hapa ulimuuliza jina lake," Flora alionyesha kwa ukucha. "Hapa ukamuuliza anatoka wapi. Hapa ukamuuliza kama alitia dawa mtungini. Unaona tofauti?"

"Sioni."

"Haipo. Moyo ulikuwa mia na kumi na nane alipotaja jina lake. Ukabaki mia na kumi na nane mpaka mwisho. Huyu alikuwa anaogopa, dada. Watu themanini wamekuzunguka, polisi amekuleta na pingu, ulitaka moyo wake ucheze taratibu?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia." Flora alisema kwa sauti ndogo, bila ukali. "Ulisema dakika tano."

Getrude akaumeza ule mkuki kimyakimya, maana ulikuwa wake. Akaomba kuona mingine. Vitalis na Godwin, wapuliziaji wawili wa Kitangari, mistari yao ilikuwa inapanda na kushuka, kijani kinachopepesuka kuelekea njano. Wa nne ulikuwa wa Mahmudu, mtoto wa marehemu. Huo ulikwenda kwa mawimbi yaliyolingana, moja baada ya jingine, mazuri mno.

"Huyu yeye hana wasiwasi?" Getrude aliuliza.

"Huyu anafanya kazi. Anapumua mara sita kwa dakika, kwa hesabu. Ni mwanafunzi wangu tangu Machi, hakuna anayemfikia."

"Mama yake alikuwa na siku nne kaburini, naye akahesabu pumzi."

Flora akajifuta macho kwa kiganja. "Alikuja hapa asubuhi ileile ya Jumatano, saa moja, kabla sijafungua. Akasema, dada, nisaidie nisilie mbele ya watu. Nikakaa naye saa nzima. Nikasema masikini, mtoto wa watu amefiwa."

"Na vifaa vilifikaje Kitangari? Wewe Jumatano darasa lako ni hapa."

"Yeye ndiye aliyeniomba. Alisema vijana wa kule wanataka mazoezi."

Getrude akatoa simu, akampigia Mzee Hamudi palepale. Shikamoo, marahaba, habari za huko, nzuri, hali ya mzee Sharifu, anaendelea.

"Baba mwenyekiti, lile wazo la kupima watu lilikuwa lako?"

"Langu mimi? Mimi nakijua wapi kile kidude! Mahmudu ndiye aliyeninong'oneza. Nikaona ni wazo la mtu mwenye akili."

Flora alikuwa anasikia yote. Akamtazama Getrude alipokata simu. "Basi utamkamata?"

"Kwa lipi? Kwa mstari?" Getrude alisimama. "Kwa mstari nilimhukumu mtu mmoja, Flora. Sirudii. Nipe kitu cha kushika kwa mkono."

Njiani kwenda Kitangari aliendesha mwenyewe, vioo vimepandishwa kwa ajili ya harufu ya salfa iliyotanda juu ya mikorosho yote. Alipofika kwenye njia panda alisimamisha gari, akafungua faili, akasoma maelezo ya Optatus aliyoyaandika kwa mkono wake Jumanne. Mstari wa sita ulisema: "Maji ya kuchanganyia dawa nililetewa na Mahmudu, mtoto wa mwenye shamba. Mimi nyumbani sikufika zaidi ya barazani."

Alisoma mara tatu. Aliyaandika yeye, tena kwa mwandiko mzuri, akatia nukta, akaendelea na mstari wa saba. Hakuuliza mtungi unakaa wapi. Kuruta wa depo angeuliza. Yeye, mwenye miaka kumi na saba kazini, hakuuliza, kwa sababu kesho yake ilipatikana taa nyekundu na taa nyekundu ilimtosha. Alijisikia vibaya hadi akafungua kioo, salfa na iingie tu.

Nyumbani kwa Mzee Sharifu alimkuta Ziada, mke wa Mahmudu, anatwanga. Mzee mwenyewe alikuwa amelala ndani.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, Mama Shamila. Poleni tena. Naomba unionyeshe mtungi wa marehemu ulipokuwa unakaa."

Ziada akaacha mchi, akamwongoza hadi mlango wa chumba cha mwisho. Mlangoni kulikuwa na komeo na kufuli kubwa la shaba.

"Mtungi ulikaa humu?"

"Nyuma ya kitanda. Agosti hii, afande, maji yakikaa ukumbini kila apitaye anachota. Maji ya dumu tunayafuata kwenye kioski kwa baiskeli, na siku nyingine kioski kimekauka. Mama alisema heri aibiwe mbuzi."

"Kufuli hili linafungwa kila siku?"

"Kila akitoka hata chooni."

"Na Ijumaa?"

"Lilifungwa."

"Lina alama ya kuvunjwa?"

"Liangalie mwenyewe."

Getrude akaliangalia. Halikuwa na mkwaruzo. Mlango wa mninga, fremu nzima, dirisha lenye nondo. Kibarua kutoka Chiungutwa angepita hapo kama upepo?

Akamgeukia Ziada, na kwa kuwa alikuwa ameapa kuuliza kila swali, akaanza na lililo karibu. "Wewe na marehemu nasikia mlikuwa hamsemeshani."

Ziada akatabasamu tabasamu chungu. "Mwezi mzima. Watu hawakukuficha kitu."

"Sababu?"

"Ufunguo huo huo. Nilimwambia, mama, nina watoto watatu, mmoja ana tumbo la kuendesha, nipe ufunguo niwaoshe. Akasema ufunguo hautoki shingoni kwake. Ulikuwa kwenye uzi, hapa kifuani. Ukitaka kuandika kwamba nilimchukia, andika, nilimchukia. Lakini ufunguo ule sijawahi kuushika, na ndio ugomvi wenyewe."

Kwa dakika nzima Getrude alipima maneno hayo. Mkwe mwenye chuki na dawa iko uani, kesi gani nzuri! Ingekubalika kijijini kabla ya adhuhuri. Tena huyu asingehitaji hata taa. Wazo hilo lilimtia aibu, akalitupa.

"Ijumaa marehemu alishinda wapi?"

"Newala. Alikwenda kupima presha."

"Baba mkwe alibaki?"

"Alibaki. Haoni vizuri, hatoki."

"Na alikunywa maji mchana?"

"Alikunywa saa sita, hakudhurika. Akanywa tena jioni, ndiyo yakamtapisha."

"Basi mchana chumba kilifunguliwa. Na mama yuko Newala. Ufunguo aliuacha kwa nani, Mama Shamila?"

Ziada akatazama mchi wake uani. Kuku wawili walikuwa wameshafika kwenye kinu, hakuwafukuza.

"Kwangu hakuuacha," alisema.

Getrude hakumlazimisha aseme zaidi. Mwanamke mwenye watoto watatu alikuwa ameshasema kingi.

Mahmudu alikuwa bandani nyuma ya nyumba, anasafisha mashine ya kupulizia. Kijana wa miaka thelathini na mbili, mpole, nadhifu, mtu ambaye kila mzazi wa kijiji kile alikuwa akimtolea mfano. Alisimama, akamwamkia, akampa afande kigoda, mwenyewe akakaa juu ya dumu lililofunikwa kifuniko.

"Mahmudu, kabla hatujazungumza. Mimi ni polisi na nakuuliza juu ya kifo cha mama yako. Hulazimiki kusema kitu. Utakachosema nitakiandika, na kinaweza kutumika mahakamani. Unataka ndugu yako yeyote awepo?"

"Hapana, afande. Uliza."

Alivuta pumzi. Getrude akahesabu moyoni. Nne. Akaitoa. Sita. Vidole vya Mahmudu vilikuwa vinajikunja kimoja kimoja juu ya goti.

"Ijumaa mlichanganya dawa wapi?"

"Hapahapa."

"Kwa ndoo ipi?"

"Ile ya bluu."

Ndoo ilikuwa imening'inizwa msumarini. Ndani, robo ya kutoka chini, palikuwa na duara jeupe la dawa iliyokaukia.

"Maji ya kuchanganyia nani alileta?"

"Mimi. Kutoka kioski, madumu mawili."

"Optatus alisogea nyumbani?"

"Barazani tu." Nne. Sita. "Labda nilipokuwa kioski alizunguka. Siwezi kujua."

"Mlianza saa ngapi?"

"Saa mbili. Tukamaliza saa saba."

"Mlichanganya mara ngapi?"

"Mara nne. Ya mwisho nilimimina maji ndooni, Optatus akasema mashine imepata ya kutosha, shamba limekwisha."

"Basi ndooni mkawa na maji ambayo hayajatiwa dawa."

"Nusu ndoo."

Getrude aliendelea kuandika bila kuinua kichwa, akauliza kwa sauti ya mtu anayetaka kumaliza karatasi aende zake.

"Hayo mkayamwaga."

"Kuyamwaga?" Mahmudu alishangaa kabisa, akacheka hata kidogo. "Maji, afande?"

Kisha kicheko kikafa usoni. Vidole gotini vikasimama.

Angesema "ndiyo, tuliyamwaga" na pengine mwendesha mashtaka angeishia hapo. Lakini kwa mtu aliyezaliwa juu ya uwanda ule, aliyefuata maji kwa baiskeli tangu akiwa mdogo, kusema amemwaga nusu ndoo ya maji safi mwezi wa nane ni uongo ambao mdomo unaukataa wenyewe. Shangazi yake Getrude alikuwa Kitangari. Likizo zake zote za shule alizimaliza akinawa kwa kikombe kimoja, na maji ya kunawia yakaenda kwenye mche wa mpapai.

"Hayamwagwi," Getrude alikubali. "Nami najua. Sasa yalikwenda wapi?"

Mahmudu akavuta pumzi. Moja, mbili, tatu.

"Usihesabu," Getrude alimwambia. "Na mimi nimefundishwa na Flora. Niangalie, unijibu. Mama yako alikuachia ufunguo?"

"Aliniachia." Sauti ilikuwa ya mtu mwingine sasa. "Kwa ajili ya baba. Alisema mpe maji baba, na ndoo ya dawa isivuke kizingiti. Maneno yake ya mwisho ya asubuhi yalikuwa hayo, afande. Ndoo ya dawa isivuke kizingiti."

"Ikavuka."

"Niliisuuza! Wallahi niliisuuza kabla ya kumimina."

"Kwa maji kiasi gani?"

Machozi yalikuwa yanateremka na hakuyafuta. "Kikombe," alisema. "Kikombe kimoja. Maji ni ya shida."

Getrude akaandika neno hilo.

"Jioni alirudi?"

"Alirudi saa kumi na moja, kiu imemshika. Akachota, akanywa, akasita. Akaniuliza, Mahmudu, mbona maji yananuka? Nikamwambia mama, msimu huu kitu gani hakinuki salfa? Akacheka, akamaliza kata."

"Ulikuwa umejua?"

"Nilijua na sikujua. Nilijua nimeingiza ndoo aliyonikataza. Niliona aibu atanigombeza mbele ya mke wangu. Ni hilo tu, afande. Nilimwacha mama yangu anywe kwa sababu sikutaka kugombezwa."

Getrude aliona haya kumtazama, kwa kuwa alimwelewa. Naye Jumatano alijua na hakujua.

"Na kipimo? Kwa nini ulileta kipimo?"

"Nilidhani wote tutatoka kijani. Nilisema tukitoka kijani wote, mtasema ni bahati mbaya tu, mtaondoka. Nilijua mimi nitapita. Ilipowaka nyekundu kwa Optatus nilitaka kusimama. Nilitaka, afande. Nikaendelea kuhesabu."

"Mpaka wakamvunja mkono."

"Mpaka wakamvunja."

Mahmudu alipotolewa bandani, Ziada alikuwa amesimama palepale kwenye kinu, na Mzee Sharifu amejikokota hadi mlangoni anapapasa ukuta. "Mnampeleka wapi mtoto?" mzee aliuliza. Mahmudu aligeuka akapiga magoti mbele ya baba yake, na Getrude akasubiri mpaka alipoinuka mwenyewe. Kabla ya kuondoka alichukua ndoo na kufuli, akavitia kwenye mifuko ya vielelezo na kuvisaini.

Saa tisa alasiri alikuwa wodini. Njiani alikuwa ameshampigia mkubwa wake akamweleza yote, pamoja na kosa lake mwenyewe. "Kipimo kile niliruhusu mimi," alimwambia. "Nitaandika barua." Mkubwa akasema aandike na aanze kwa kumfungua yule mtu. Getrude alipata nafuu kidogo, akajiona kama amebeba habari njema. Alinunua hata machungwa.

Optatus alikuwa ameegemea ukuta, mkono kwenye plasta, jicho moja bado limevimba. Mkewe, Mama Dastani, mwanamke mwembamba aliyejifunga khanga mbili, alikuwa anamlisha uji. Walipomwona polisi wote wawili wakaacha.

Getrude hakukaa. Alitoa ufunguo, akainama, akafungua pingu mguuni. Ilikuwa imeacha mchubuko. Akasimama akasema, "Optatus, huna kosa. Aliyetia maji mtungini amepatikana na amesema mwenyewe. Wewe uko huru. Na yaliyokupata Jumatano, kosa ni langu. Nimekuja kukuomba radhi."

Alisubiri furaha, au matusi. Alikuwa tayari kwa matusi.

Optatus aliusogeza mguu kidogo, kisha akaurudisha ulipokuwa. "Ni nani?"

"Mahmudu. Ndoo ya dawa. Haikuwa makusudi."

"Ndoo ile nilichanganya mimi."

"Ulichanganya dawa bandani. Mtungini hukufika, chumba kilikuwa na kufuli."

"Afande, ile siku moyo wangu ulisema." Alizungumza polepole kwa ajili ya mbavu. "Nimelala hapa siku zote hizi najiuliza nilifanya saa ngapi. Nilimwambia yule mama maneno mabaya, hilo najua. Nikasema labda hasira ilinipeleka nikafanya nikasahau. Taa haikujui, haina ugomvi na wewe. Ikisema, imesema."

"Taa ilisema umeogopa. Basi. Hata mimi ingenisema hivyohivyo leo."

Optatus akamtazama, kisha akamtazama mkewe. Mama Dastani aliweka kikombe cha uji chini. Getrude akaona amri yake, ufunguo wake na radhi yake vyote vimefika hapo vikakosa mnunuzi.

"Afande, usinione mkosa shukrani," Mama Dastani alisema. "Ahsante kwa pingu. Lakini nyumbani Chiungutwa hawatauliza kufuli. Hata wanangu wameshaimbiwa shuleni kwamba baba yao ni muuaji." Alimshika Getrude mkono kwa mikono yote miwili, akamsihi. "Kile kidude kiko kwenye gari? Mpime tena, afande. Mpime mbele za watu, itoke kijani. Hata mimi nipate usingizi."